Pissarro na Haki ya Kuegemea Jembe

Kijijini kwetu, katika milima ya kusini-magharibi mwa Uganda, mtu anayeonekana ameegemea jembe saa nne asubuhi hupewa jina. Hakuna atakayemwuliza kama mgongo unamuuma. Wapita njia watamsalimu kwa salamu ndefu yenye kejeli ndani yake, watampongeza kwa kazi, na kabla ya jua kutua habari itakuwa imefika kwao. Mimi mwenyewe nimewahi kupongezwa hivyo. Ndiyo maana nilipoiona kwa mara ya kwanza nakala ya picha ya Camille Pissarro iitwayo Wanawake Wawili Vijana wa Shamba, aliyoianza mwaka 1891 na kuimaliza mwanzoni mwa 1892, sikuona rangi wala nuru. Niliwahukumu wale wanawake. Nilijiuliza ni nani anayefanya kazi yao wakati wao wamekaa.

Picha yenyewe haina tukio. Wanawake wawili wamejaza sehemu ya mbele, karibu nasi kabisa. Mmoja ameegemeza kidevu mkononi. Nyuma yao kuna shamba na miti. Ama wanazungumza, ama wamefika pale ambapo mazungumzo yamekwisha na hakuna mwenye haraka ya kuanza mengine. Hawamtazami mchoraji na hawatutazami sisi. Kazi imesimama, nao hawaoni haya.

Vitabu vingi vinavyoeleza habari za wachoraji wa Impreshonisti wa Ufaransa huanza na nuru: jinsi Claude Monet na wenzake walivyotoka vyumbani wakaenda kuchora nje, jinsi walivyoacha rangi nyeusi, jinsi walivyopaka kwa haraka ili kuwahi jua. Pissarro huingizwa humo kama mzee wa kundi, mwenye ndevu ndefu, mwema, mwalimu wa wengine. Hayo yote ni kweli. Hata hivyo, naona yanatupitisha kando ya jambo alilolirudia maisha yake yote. Pissarro ni mchoraji wa kazi, hasa kazi inapokuwa imesimama kidogo. Ubora wake umo katika jambo hilo, na deni lake pia.

Niseme mapema kwamba sijasimama mbele ya picha yake hata moja. Nimeziona katika vitabu vya maktaba na kwenye skrini ya simu, ambako picha ya ukuta mzima na picha ya ukubwa wa sahani huwa sawa. Kuhusu uzito wa rangi yake nitasema machache. Lakini jinsi mtu anavyosimama baada ya kuinama kwa saa tatu, hilo simu haiwezi kulificha.

Alizaliwa tarehe 10 Julai 1830, si Ufaransa bali katika kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, ambacho wakati ule kilikuwa koloni la Denmark. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wenye duka karibu na bandari. Ndoa yao ilikuwa imezua fitina, kwa kuwa baba alimwoa mjane wa mjomba wake mwenyewe, na jamii ya Wayahudi kisiwani ilikataa kwa miaka kadhaa kuitambua. Alipofika miaka kumi na miwili alipelekwa shule ya bweni karibu na Paris, akarudi mwaka 1847 kufanya kazi ya biashara ya baba yake pale bandarini. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Julai 1848, watumwa wa visiwa hivyo walipata uhuru wao. Pissarro alikuwa na miaka kumi na saba, wiki moja kabla ya kutimiza kumi na minane. Vitabu nilivyosoma huipita tarehe hiyo kwa sentensi moja, kisha vikakimbilia mwaka 1852 alipoondoka kwenda Venezuela na mchoraji wa Kidenmark, Fritz Melbye, na mwaka 1855 alipohamia Ufaransa moja kwa moja.

Mimi siwezi kuipita. Kijana aliyekuwa akihesabu mizigo gatini aliwaona watu walewale wakibeba mizigo ileile, siku moja wakiwa mali ya mtu na siku ya pili wakiwa huru. Mizigo haikupungua. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtu aliweza kusimama njiani akazungumza na mwenzake bila kuulizwa yeye ni wa nani.

Na hilo hasa ndilo alilolichora. Mwaka 1856, akiwa tayari Paris, alitengeneza picha ndogo, isiyofika hata nusu mita kwa upana, ambayo leo iko Washington: Wanawake Wawili Wakizungumza Kando ya Bahari. Wanawake weusi wawili wamekutana kwenye njia ya ufukweni. Mmoja ana kikapu kichwani. Bahari imetulia, anga ni pana. Wamesimama tu, wanaongea. Ni picha ya kijana bado, na mandhari yake imelainishwa kama mandhari nyingi za wakati ule. Mtu angeweza kuiuza kwa watalii. Lakini mkao wa wale wanawake haukulainishwa. Likizo ilipofika nilimwonyesha mama nakala yake kwenye simu. Hakuuliza ni nchi gani. Kwanza alitafuta ngata chini ya kikapu, kisha akasema kwa lugha yetu, "Huyu hakai hapo. Mzigo bado uko kichwani."

Nimelifikiria neno hilo kuliko niliyoyasoma vitabuni. Mapumziko ya mwaka 1856 ni mapumziko ya wima, ya dakika chache, shingo ikiwa bado imebeba. Yale ya 1891 ni ya kukaa kitako. Kati ya picha hizo mbili kuna miaka thelathini na mitano, na swali langu ni nini kilichotokea kwa ule mzigo.

Miaka ya mwanzo huko Ufaransa ilikuwa ya kujifunza na ya ufukara. Alijitaja kuwa mwanafunzi wa Corot, akahamia vijiji vya nje ya Paris, kama Pontoise na Louveciennes. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870 alikimbilia London na familia yake. Inasimuliwa kwamba aliporudi alikuta askari wa Prussia wameishi nyumbani kwake, na picha zake, kazi ya karibu miaka ishirini, wamezitandika kwenye matope ya bustani wapate kukanyaga pakavu. Kati ya kazi zipatazo 1,500 zilibaki kama arobaini. Watu huisimulia habari hii kama msiba wa sanaa, na ni msiba. Mimi huwafikiria pia waliozikanyaga, vijana wa mashamba kwa wingi wao bila shaka, waliotaka tu miguu mikavu.

Mwaka 1874 yeye, Monet, Degas, Renoir, Berthe Morisot na wengine walifanya maonyesho yao wenyewe huko Paris, kwa kuwa baraza la maonyesho rasmi, Salon, liliwakataa mara kwa mara. Walihitaji katiba ya ushirika, na Pissarro akapendekeza wachukue mfano wa kanuni za chama cha waokaji mikate wa Pontoise. Nalipenda sana jambo hili. Wachoraji ambao leo picha moja yao hununuliwa kwa fedha za kujenga hospitali walitaka kujipanga kama watu wa mikate. Kundi hilo lilifanya maonyesho manane hadi mwaka 1886, na Pissarro ndiye peke yake aliyeshiriki yote manane.

Mojawapo ya picha zake katika maonyesho ya kwanza ni Jalidi, ya mwaka 1873, ambayo sasa iko katika jumba la Musée d'Orsay. Ni asubuhi ya baridi, umande umeganda juu ya shamba lililolimwa. Mzee amebeba mzigo wa kuni mgongoni, anapanda njia. Matuta yanakwenda upande mmoja; vivuli virefu vya miti ambayo hatuioni, kwa kuwa imesimama nje ya picha, vinayakata matuta hayo. Mwandishi Louis Leroy, yuleyule aliyewapa wachoraji hawa jina la Impreshonisti kwa kuwadhihaki, aliandika kwamba hayo si matuta wala si jalidi, ni mabaki ya rangi yaliyokwanguliwa na kupakwa kwenye turubai chafu. Alidhani anatukana. Mtu aliyewahi kutoka nyumbani kabla ya jua kupasha bonde anajua kwamba udongo wa asubuhi ya baridi huonekana hivyo hasa: kama kitu kilichokwanguliwa. Leroy alikuwa mtu wa mjini. Alitazama shamba akatafuta picha, wakati Pissarro alikuwa amechora shamba.

Lakini angalia yule mzee. Ni mdogo, ameinama, anatembea. Bado mzigo uko mgongoni.

Mabadiliko yanakuja baada ya mwaka 1880. Pissarro, akiwa na miaka hamsini, anaanza kuwasogeza watu mbele. Walikuwa vitone vya rangi njiani, sasa wanakuwa na nyuso, mabega na mikono mizito. Na karibu kila anapowasogeza mbele, anawasimamisha. Katika Msichana Mwenye Fimbo, ya 1881, msichana wa shamba ameketi kwenye majani akichezea kijiti. Picha hiyo huitwa pia Mchungaji, lakini kondoo hawaonekani popote. Mimi kama mtoto aliyewahi kupoteza mbuzi kwa kuchezea kijiti nilicheka nilipolisoma jina hilo. Sijui kama Pissarro alikusudia mzaha. Naona tu kwamba hakumwongezea kondoo ili kumpa sababu ya kuwapo. Msichana yupo, basi. Katika Kuchuma Matofaa, aliyoimaliza 1886, mwanamke mmoja ananyoosha fimbo ndefu mtini, mwingine ameinama akiokota, na wa tatu anatafuna tofaa. Huyo wa tatu ndiye picha. Anakula mavuno ya kazi yake akiwa bado kazini, jambo ambalo wenye mashamba wa kila nchi wamelipigia marufuku.

Wahakiki wa wakati wake walisema anamwiga Jean-François Millet, mchoraji mashuhuri wa wakulima aliyemtangulia. Pissarro alikasirika. Alijibu katika barua kwamba Millet ni mtu wa Biblia, na kwamba yeye, ingawa ni Mwebrania, hana Biblia nyingi hivyo katika kazi yake. Ni jibu la utani lakini lina ukweli mzito. Millet alichora Mtu Mwenye Jembe, akaionyesha mwaka 1863: mkulima ameegemea mpini kwa mikono miwili, mdomo wazi, macho matupu, mgongo umevunjwa. Huyu naye ameegemea jembe! Lakini anaegemea kwa sababu akiliacha ataanguka. Anatuomba kitu. Tukimtazama tunajisikia vibaya, kisha tunajisikia vizuri kwa kuwa tumejisikia vibaya, kisha tunakwenda kula chakula cha mchana. Wanawake wa Pissarro hawatuombi kitu. Ukiwahurumia wangeshangaa. Ukiwasifu kwa bidii yao ungekuwa umepotea kabisa, kwa kuwa hawafanyi kazi.

Hapo ndipo hukumu yangu ya kwanza ilipoanza kunirudia mwenyewe. Kwa nini nilidhani mkulima anaruhusiwa kuonekana katika hali mbili tu, ameinama au amevunjika? Nilikuwa nimelibeba jicho la wapita njia wetu hadi chuo kikuu. Shairi la shule, bango la mradi wa kilimo, hotuba ya kampeni, vyote humwonyesha mwanamke wa shamba akiwa ameinama, au akiwa amesimama anatabasamu na mavuno mikononi kwa ajili ya kamera. Sikumbuki hata kimoja kilichomwonyesha akiwa amekaa na rafiki yake akifikiria mambo yake.

Ningeweza kuishia hapo na insha ingekuwa ya sifa. Lakini kuna shtaka, na nadhani ni la haki. Katika mashamba ya Pissarro hakuna njaa. Hakuna deni, hakuna mwenye ardhi, hakuna mvua ya mawe, hakuna mtoto aliyekufa. Sokoni kuna kuku na mayai na wanawake wenye vitambaa safi kichwani. Je, ni kwa sababu hakuyajua hayo? Hapana, aliyajua vizuri. Alikuwa muumini wa anarkia, fikra ya kwamba watu wanaweza kuishi kwa kusaidiana bila serikali wala mabwana. Alisoma magazeti yake na kuyasaidia kwa fedha hata pale alipokuwa hana. Rais Carnot alipouawa mwaka 1894 na serikali ikaanza kuwawinda watu wa fikra hizo, Pissarro alikuwa Ubelgiji na akaona afadhali akae huko kwa miezi kadhaa. Na karibu na mwaka 1890 alitengeneza mfululizo wa michoro 28 ya kalamu na wino, Maovu ya Jamii: mcheza hisa aliyejiua, ombaomba, watu wanaokufa kwa moshi wa jiko la makaa katika chumba cha kupanga, njaa kila mahali. Kwenye jalada mzee ameketi akitazama mnara wa Eiffel, uliokuwa mpya kabisa, huku jua likichomoza na neno la anarkia limeandikwa katika miale yake. Michoro hiyo inauma. Ni ya mtu mwenye hasira. Aliwapelekea binti wawili wa jamaa yake huko Uingereza, na haikutolewa hadharani maisha yake yote.

Kwa hiyo alikuwa na mikono miwili. Mkono wa wino mweusi ulichora njaa na kuituma kwa barua kwa jamaa. Mkono wa rangi za mafuta ulichora mapumziko na kuyapeleka kwa Durand-Ruel, mfanyabiashara wa picha, ayauze kwa matajiri wa Paris na Marekani. Mtu anaweza kusema, na rafiki yangu mmoja wa darasani alisema baada ya kusoma rasimu ya insha hii, kwamba mwenye hisa wa mchoro ule wa wino ndiye aliyenunua picha za wale wanawake na kuzitundika sebuleni, akafurahi kuona jinsi watu wa shamba walivyo watulivu.

Sina jibu la kulifuta shtaka hili. Nina la kulipunguza. Watu wa anarkia wa wakati ule hawakuota ulimwengu wa watu wanaofanya kazi kwa bidii zaidi. Waliota ulimwengu wa kazi chache. Peter Kropotkin, ambaye Pissarro alimsoma, alihesabu kwamba saa tano hivi kwa siku zingetosha kuwapa watu wote mahitaji yao, na saa zinazobaki ziwe za mtu mwenyewe. Ukizitazama picha za miaka ile kwa hesabu hiyo, wanawake waliokaa hawaonyeshi jinsi shamba lilivyokuwa. Wanaonyesha shamba linavyoweza kuwa siku mzigo utakapokuwa umeshushwa. Aliyenunua na kuitundika sebuleni alitundika, bila kujua, picha ya ulimwengu usiomhitaji.

Kropotkin alikuwa na dai jingine, kwamba anayetaka kumchora mkulima lazima aishi kama mkulima. Pissarro alilikataa katika barua zake. Alisema mtu ni lazima atekwe na jambo analolichora, lakini je, ni lazima awe mkulima? Kwanza tuwe wasanii, alisema. Katika semina zetu swali hili huulizwa kila wiki kwa sura nyingine: nani ana haki ya kuandika juu ya nani. Wengi wetu tungejibu haraka upande wa Kropotkin, maana jibu hilo linatupendelea sisi tuliozaliwa na jembe. Mimi siko upande wake. Mtoto wa mkulima anaweza kulitazama shamba kwa jicho la wapita njia, nimekwisha kukiri hivyo. Lakini siko upande wa Pissarro pia, kwa kuwa anajibu kana kwamba kati ya mchoraji na mkulima kuna macho tu. Kulikuwa na chakula pia, na kuna mtu aliyekipika.

Mtu huyo ni Julie Vellay. Alitoka katika familia ya watu wa shamba huko Burgundy, akaja kuwa mtumishi katika nyumba ya wazazi wa Pissarro walipohamia Ufaransa. Kijana wa nyumba na mtumishi walipendana. Mama yake Pissarro alikataa. Waliishi pamoja miaka mingi bila ndoa, wakapata watoto, wakafunga ndoa Uingereza mwaka 1871 wakati wa ule ukimbizi wa vita. Miaka ambayo picha hazikununuliwa, Julie alilima bustani, akafuga kuku na sungura, na familia ikala. Mwaka 1892, mwenye nyumba waliyopanga huko Éragny alipotaka kuiuza na Pissarro akiwa London, ni Julie aliyemwendea Monet kuomba mkopo. Monet aliwapa faranga 15,000, nyumba ikawa yao. Vitabu humsifu Monet kwa ukarimu. Nani alivaa viatu akaenda kuomba?

Ndiyo maana kwangu picha yake bora ya watu haimo shambani. Ni Mtumishi Mdogo wa Shamba, ya 1882, iliyoko Tate huko London. Tumo ndani ya nyumba ya Pissarro mwenyewe, chumba cha kulia. Mwanawe ameketi mezani. Msichana wa kazi, kijana mno, anafagia sakafu. Hakuna drama. Nyumba yenyewe ni ya watu maskini walio juu kidogo ya maskini wengine, kama nyumba nyingi ninazozijua zenye msichana wa kazi aliyetoka kijijini kuliko wenye nyumba. Kati ya picha zote za wanawake wa shamba za miaka ile, huyu ndiye asiyesimamisha kazi. Hawezi. Mtoto wa mwenye nyumba anakula, na sakafu inamsubiri.

Pissarro alijua anachokichora. Mama wa mtoto yule mezani alikuwa amewahi kushika ufagio huohuo katika nyumba ya mama yake yeye mchoraji. Hapo swali la Kropotkin linapata jibu ambalo barua haikulitoa. Pissarro hakuhitaji kuwa mkulima. Alihitaji kuiweka meza yake mwenyewe ndani ya picha, na mara hii aliiweka. Natamani angefanya hivyo mara nyingi zaidi. Natamani kungekuwa na picha kumi za Éragny zenye Julie na mkopo wa nyumba ndani yake, badala ya matofaa mengine tena.

Kuhusu miaka yake ya kupaka kwa vitone vidogovidogo, kuanzia 1885 hivi, alipomfuata kijana Georges Seurat, nitasema kidogo. Nampenda mzee wa miaka hamsini na mitano aliyekubali kuwa mwanafunzi wa mtu wa miaka ishirini na sita. Lakini vitone vilimchosha. Njia ile ilitaka subira ya mshonaji shanga, na wanunuzi hawakuitaka. Kufikia 1890 alikuwa ameiacha. Kisha macho yakaanza kumsumbua: vifuko vya machozi viliugua mara kwa mara, upepo na vumbi vikawa adui, na daktari akamkataza kukaa nje. Mchoraji wa shamba akafungiwa nyuma ya kioo.

Alipanga vyumba vya hoteli, Rouen, Paris, Le Havre, akachora kilichopita chini ya dirisha. Mwaka 1897 alitengeneza picha kumi na nne za barabara ya Boulevard Montmartre kutoka dirisha la ghorofani: asubuhi, jioni, mvua, ukungu, sikukuu, na moja ya usiku. Watu wamerudi kuwa vitone. Kesi ya Dreyfus, ofisa Myahudi aliyehukumiwa kwa uongo, ilikuwa inaigawa Ufaransa miaka hiyohiyo. Degas na Renoir, marafiki wa maonyesho ya waokaji mikate, walimtenga. Yeye alikuwa juu dirishani, anachora. Picha hizi ndizo ghali zaidi siku hizi, nami naziona nzuri na kidogo za mbali. Mara mojamoja, chini kabisa pembeni ya mkusanyiko wa magari ya farasi, utaona kitone kimoja chenye mzigo, mkokoteni labda, ambacho hakikimbii kama vingine.

Alifariki Paris tarehe 13 Novemba 1903. Miaka mitatu baadaye, katika orodha ya maonyesho ya mji wake Aix, Paul Cézanne, aliyekuwa tayari mzee na mwenye jina kubwa kuliko mwalimu, alijitaja kuwa mwanafunzi wa Pissarro.

Nilirudi kwa mama na picha ya wale wanawake wawili wa 1891. Aliitazama kwa muda kuliko ile ya bahari. Nilimsubiri aseme ni wavivu. Aliuliza kama wamekwisha kula.